MOTO WA MLIMANI NA SABABU YA KUFUNGA NJIA

Mkulima, wewe uliye na shamba mlimani karibu na msitu, somo hili ni lako. Lina mambo mawili: jinsi moto upandavyo mlima, na kwa nini siku za hatari njia za msituni hufungwa. Wakulima wengi huchukia amri ya kufunga njia. Mtu husema, "Mbuzi wangu wako juu, mizinga yangu iko juu, na kuni zangu ziko huko, basi aifungaye njia amenifungia chakula." Maneno hayo si ya upuuzi, wala hatuyadharau. Lakini kwanza sikiliza habari za kisiwa kimoja, kisha upime mwenyewe.

1. Kisiwa cha La Gomera

La Gomera ni kimojawapo cha Visiwa vya Kanari vya Hispania, katika Bahari ya Atlantiki, upande wa kaskazini-magharibi ya Afrika. Ni kisiwa kidogo, eneo lake lapata kilometa za mraba 370, lakini kilele chake chafika meta 1,487. Kutoka katikati, makorongo yenye kina kirefu huteremka pande zote mpaka baharini, na vijiji vingi vimo ndani ya makorongo hayo. Kwenda bonde la pili ni kazi kubwa, hata wenyeji tangu zamani huitana kwa mluzi kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, na mluzi huo una maneno kama lugha nyingine.

Juu ya kisiwa umesimama msitu wa Garajonay, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1981. Upepo wa kaskazini-mashariki huleta ukungu, majani ya miti huunasa, na matone yake huingia ardhini na kulisha chemchemi. Kwa hiyo msitu ukiungua, hasara haiishii kwenye miti. Humfikia mkulima aliye chini akinywesha shamba lake.

Wazee wa kisiwa walijenga matuta ya ngazi yenye kuta za mawe, wakapanda mizabibu, viazi na nafaka. Katika karne ya 20 watu wengi walihama kwenda Tenerife na Venezuela kutafuta maisha. Matuta mengi yakaachwa, vichaka vikaota. Pale palipokuwa na shamba lililolimwa, ambalo moto usingeweza kulipita kwa urahisi, pakawa na majani makavu yaliyounganisha nyumba na msitu.

2. Misiba miwili

Septemba 1984 moto mkubwa uliwaka mlimani La Gomera. Watu walipanda kuuzima na kuutazama hali yake, na pamoja nao alikuwako gavana wa jimbo, Francisco Afonso Carrillo. Upepo ukageuka ghafula, moto ukawazingira. Watu 20 walikufa, na gavana mmoja wao. Karibu na mwamba wa Roque de Agando pamewekwa ukumbusho wao. Fikiri basi: hawa hawakuwa wazembe, wala mkubwa wao hakukosa amri. Moto haukumjua gavana wala mchungaji.

Agosti 2012 moto ukarudi. Uliunguza karibu sehemu moja kwa tano ya hifadhi ya Garajonay, ukashuka mpaka bonde la Valle Gran Rey, ukachoma nyumba na mitende ya Kanari, ile ambayo watu wake hugema utomvu wa kupikia asali. Barabara ya kupanda juu haikupitika, na mamia ya watu wakaondolewa kwa njia ya bahari. Safari hii hakufa mtu. Hata hivyo, baada ya ndimi za moto kuzimika, moto ulikaa ukifuka katika mizizi na mboji chini ya ardhi kwa majuma mengi.

3. Jinsi moto upandavyo

Moto huenda upesi zaidi ukipanda kuliko ukishuka, maana joto lake hukausha majani yaliyo juu yake kabla ya ndimi kuyafikia. Wazima moto hufundishwa kwamba mteremko ukizidi kwa nyuzi 10, mwendo wa moto hukaribia kuwa maradufu. Korongo nalo ni kama dohani: huvuta hewa na moto kwenda juu. Tena makaa na makuti yawakayo hubingirika chini, yakawasha moto mpya nyuma ya watu. Siku mbaya kabisa katika visiwa vile ni zile ambazo hewa ya moto kutoka jangwa la Sahara hufukuza ukungu, na kila jani hukauka. Mtu aliye mlimani juu ya moto yumo hatarini hata kama bado hauoni.

4. Kwa nini njia hufungwa

Siku za hatari wakuu wa Visiwa vya Kanari huweza kukataza kuwasha moto wo wote, kutumia mashine zitoazo cheche, na kupita katika njia za msituni. Sababu ni tatu. Kwanza, watu wakipungua msituni, cheche nazo hupungua, maana mioto mingi huanzishwa na binadamu. Pili, barabara za mlimani ni chache na nyembamba. Gari moja lililokwama huzuia gari la maji linalopanda na wagonjwa wanaoshuka. Tatu, mtu akipotea ndani, wazima moto huacha moto wakamtafute, na pengine wakafa kwa ajili yake.

Lakini amri ina wajibu wake pia. Yafaa itangazwe mapema, ieleze njia zipi na mpaka lini, na mfugaji apewe nafasi ya kuteremsha wanyama wake kabla ya njia kufungwa. Amri ijayo bila habari huwafundisha watu kuikwepa. Nanyi wakulima, ulizeni mambo haya barazani wakati wa mvua, msingoje moshi.

5. Kazi yako kabla ya kiangazi

Lima matuta yako, au yafyekee. Shamba lililolimwa ni ngao ya kijiji. Mbuzi wakichungwa vema hupunguza majani makavu. Safisha nyumba pande zote, ondoa makuti na majani juu ya paa, na kuni ziweke mbali na ukuta. Usichome takataka za shamba wakati wa ukavu. Zifukie au zioze ziwe mbolea. Ikiwa huna budi kuchoma, pata ruhusa, ngoja siku ya baridi isiyo na upepo, zungushia ukanda wa udongo mtupu, uwe na watu na maji, wala usiondoke mpaka majivu yawe baridi mkononi. Kumbuka ule moto uliokaa ndani ya mizizi.

Teremsha mbuzi mapema. Patana na jirani ni nani atakayewachukua wazee na wagonjwa, na mjue njia mbili za kutoka, si moja. Ukiambiwa uhame, hama kungali mchana. Ukikutwa njiani, usipande juu wala usiingie korongoni. Tafuta mahali palipokwisha kuungua na kupoa, au shamba tupu.

Mbuzi hununuliwa tena, na mzinga huchongwa mwingine. Njia iliyofungwa leo itafunguliwa kesho. Bali aliyepita kwa siri huenda asiwepo siku ya kufunguliwa kwake.