SOMO LA KUMI NA MBILI: Wadudu na Usafi wa Kijito

Tekeni maji ya kijito katika gilasi, kisha yatazameni kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, je, yatosha kusema kuwa ni safi? La. Maji hayo ni ya wakati huo tu. Uchafu uliomwagwa alfajiri umekwisha kupita, na pengine mwingine utamwagwa jioni. Lakini wako viumbe wakaao kijitoni usiku na mchana, kwa majuma na miezi. Hao ndio tutakaowachunguza.

Tuchukue mfano wa vijito vya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko ndiko unakoanzia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Penye msitu, maji hupita kwa kasi juu ya mawe na kuchanganyika na hewa. Kwa hiyo huwa na oksijeni nyingi. Geuzeni jiwe taratibu. Huenda mkaona wadudu wachanga, bapa, wenye mikia miwili au mitatu, wapumuao kwa matamvua. Pengine mtamwona na mwingine aliyejijengea kijumba cha chembe za mchanga.

Kijito kifikapo mashambani na penye makazi, hali hubadilika. Kinyesi na takataka vikiingia majini, bakteria huviozesha, na katika kazi hiyo hutumia oksijeni. Udongo uliomomonywa na mvua nao huziba nafasi zilizo chini ya mawe. Wadudu wale wa matamvua hutoweka. Hubaki minyoo, ruba, na viluwiluwi wekundu, wembamba kama uzi. Wekundu wao watokana na kitu kilichomo pia katika damu yetu, ambacho huwawezesha kuishi penye oksijeni kidogo.

Sasa linganisheni sehemu mbili za kijito chenu: moja juu ya makazi, nyingine chini yake. Tumieni kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye fito, na beseni jeupe. Kila sehemu ichunguzwe kwa muda ule ule. Hesabuni aina za wadudu, si wingi wao tu. Andikeni katika daftari pamoja na tarehe, kisha warudisheni majini. Huko Afrika Kusini, wanafunzi na wananchi hutumia kipimo kiitwacho miniSASS, ambacho hutoa alama kwa makundi 13 ya viumbe. Vaeni mabuti ya mpira, na msiingie penye maji yaliyotuama, kwa sababu konokono wa humo huweza kueneza kichocho.

Angalieni: vimelea vya kipindupindu haviwadhuru wadudu hawa, kwa hiyo hawawezi kutuonya juu yake. Maji ya kunywa yachemshwe daima.

Daftari lenu lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mwenye bustani ya mboga ukingoni hakulima hapo kwa ubaya. Ndipo penye unyevu wakati wa kiangazi. Heri aonyeshwe beseni kwanza, kabla ya kusomewa sheria. Kisha jumuiya ya watumia maji na wanakijiji wote waweza kupanda mikuyu ukingoni, wala si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi.

Zoezi
1. Kwa nini gilasi moja ya maji haitoshi kuonyesha hali ya kijito?
2. Juu ya makazi mmepata aina tisa za wadudu, na chini yake aina mbili. Mtaanza kutafuta chanzo cha uchafu wapi?