Karatasi za ndoa Marekani: weka faili lako mwenyewe

Nikipigiwa simu na dada wa kwetu aliyeingia Marekani kwa viza ya mume, swali langu la kwanza ni: karatasi zako anazo nani? Mara nyingi jibu huwa kwamba zote anazo mume. Basi tunaanzia hapo. Mume awe mwema kama malaika, cheti cha ndoa, nakala za fomu na barua za serikali ziwe mahali unapofikia bila kumwomba mtu. Namba inayoanza kwa herufi A, utakayoiona kwenye viza na baadaye kwenye grini kadi, ni yako peke yako, na utakuwa nayo hadi siku ya kula kiapo cha uraia.

Mimi nilitoka Mombasa kumfuata mume Ohio, nikapita njia hii yote, na tangu hapo nimewasaidia wenzangu kupanga zao mezani kwangu. Si wakili. Penye kesi ya polisi, ndoa iliyovunjika au viza iliyowahi kukataliwa, nenda kwa wakili mwenye leseni, wala usimlipe yule "mjuaji wa makaratasi" anayekutana na watu msikitini au kanisani.

Tuanze uwanja wa ndege. Kabla ya kupanda ndege soma herufi zilizoandikwa kwenye viza: CR1 au IR1. CR1 ni ya ndoa ambayo haijatimiza miaka 2, na kadi yake ni ya masharti, ya miaka 2 tu. IR1 ni ya ndoa iliyovuka hapo, na kadi yake ni ya miaka 10. Kinachoamua ni siku unayoingia nchini, wala si siku ya mahojiano ubalozini Nairobi. Kwa hiyo kama ndoa yenu inatimiza miaka 2 wiki mbili zijazo na viza bado ina muda, sogeza tikiti mbele, kisha mwambie ofisa wa mpakani waziwazi kwamba miaka 2 imekwisha ili akuandike IR1. Utakuwa umejiepusha na fomu nzima ya kuondoa masharti, ambayo ada yake ni dola 750.

Muhuri anaougonga ofisa juu ya viza yako unatumika kama grini kadi kwa mwaka 1. Kazi unaweza kuanza na huo huo. Kadi yenyewe haichapishwi mpaka uilipe idara ya uhamiaji, USCIS, dola 235 kwa mtandao, na huja kwa posta. Hapo kuna jambo dogo linalowasumbua watu wa pwani. Kwetu mwanamke aliyeolewa haachi jina la babake, na sanduku la barua limeandikwa jina la mume tu. Mpeleka barua akiona jina asilolijua anarudisha, na kadi inarudi ilikotoka. Siku ya kwanza kabisa andika jina lako, kama lilivyo kwenye paspoti, kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya mlango wa sanduku. Jina la mume hulazimiki kulichukua. Nimeulizwa benki, nimeulizwa hospitali, kwa nini majina yetu hayafanani. Jibu ni cheti cha ndoa, basi. Mkihama nyumba, ifahamishe USCIS ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, ambayo haina ada.

Onyo ambalo ningelichora ukutani kama ningeweza: ukienda kuchukua leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, utaulizwa kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Sheria ya 1993 inawataka makarani wa huko waulize. Karani anauliza kwa haraka, anatabasamu, kidole kiko kwenye kitufe, na mtu mgeni husema "yes" kwa adabu. Usiseme. Asiye raia akijiandikisha, na zaidi akipiga kura, anaweza kukosa uraia na hata kufukuzwa nchini. Ukitoka dirishani soma karatasi uliyopewa, uhakikishe hakuna alama kwenye kisanduku hicho.

Sasa tuje kwenye kazi ya miaka 2 ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye uzito. Wenye CR1 watajaza fomu I-751 kuondoa masharti, na serikali itataka kuona kwamba mnaishi kama mke na mume. Wazungu huthibitisha hilo kwa pesa: akaunti moja, mkopo mmoja, bima moja. Nyumba ya Mswahili haiendeshwi hivyo. Kodi na chakula ni juu ya mume, pesa ya mke ni yake mwenyewe, na hakuna anayeona ajabu. Lakini ofisa anayelifungua faili lako haijui desturi hiyo, na akikuta bili zote zina jina la mume anaweza kudhani wewe ni mpita njia. Shauri langu: fungueni akaunti moja ya pamoja ya kodi na umeme, pesa ipite humo kila mwezi, na akaunti yako binafsi ibaki kama ilivyo. Dini haikuvunjwa na ofisa ameridhika.

Mkataba wa nyumba uwe na majina yote mawili. Mwenye nyumba akikataa, mwombe barua inayosema nyote wawili mnakaa hapo. Ritani za kodi ya mapato jazeni kama wanandoa, kisha chukueni nakala rasmi za idara ya kodi, IRS, ambazo ni bure. Bima ya gari, bima ya afya ya kazini, fomu inayomtaja mwenzako kuwa mrithi wa akiba yako: kila moja iingie kwenye faili siku ile ile inapofika. Picha ni nzuri, ila picha thelathini za harusi moja hazina nguvu ya picha chache za Idi, za hospitali mtoto alipozaliwa, za safari ya kwa mama mkwe, kila moja na tarehe na majina nyuma yake. Na watu wawili wanaowajua vizuri waandike barua ya ushahidi, wasimulie walichokiona wao wenyewe. "Nawajua, ni watu wazuri" haisaidii kitu.

I-751 hutumwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla ya kadi kuisha. Ukiituma mapema inarudishwa. Ukichelewa bila sababu unapoteza ukaazi na unaweza kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Ukishatuma, hupati kadi mpya mara moja. Unapata barua ya risiti inayorefusha kadi yako ya zamani kwa miezi 48. Barua hiyo ni mali. Ukienda Kenya nenda na ile yenyewe, usibebe picha ya simu. Wakati wa kurudi nilizuiwa kwenye kaunta na kijana wa shirika la ndege aliyesema kadi yangu imekufa. Akanigeuza kushoto na kulia, watu nyuma yangu wanaguna, mpaka msimamizi wake alipokuja, akasoma barua ile mstari kwa mstari na kunipa kiti changu. Fika uwanjani mapema.

Watoto waliokuja nawe, au walioingia ndani ya siku 90 baada yako, wanaweza kuwekwa kwenye fomu yako hiyo hiyo. Waliochelewa zaidi wana fomu zao.

Na je, ndoa ikiharibika katikati? Hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo nitalisema kwa sauti ya juu. Mume anayekwambia "nitakurudisha kwenu" hana uwezo huo. Ukishaingia kwa viza ya uhamiaji, hakuna mume anayeweza kufuta grini kadi yako kwa simu. Hilo liko mikononi mwa serikali, na una haki ya kusikilizwa na hakimu. I-751 kwa kawaida mnatia sahihi wawili, lakini sheria inakuruhusu kuijaza peke yako kama mmeachana kisheria, au kama ulipigwa na kuteswa, au kama kurudishwa kwenu kutakutia katika dhiki kubwa. Hapo huhitaji kungoja zile siku 90. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba ndoa ilifungwa kwa nia njema, na ndiyo maana nasisitiza faili liwe lako. Isitoshe, kabla hujapewa viza mumeo alitia sahihi fomu I-864, akaahidi kukuweka kwenye kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Ahadi hiyo haifi kwa talaka. Inaisha ukiwa raia, au ukihesabiwa robo 40 za mwaka za kazi, au ukihama nchi moja kwa moja, au mmoja wenu akifariki.

Uraia sasa. Aliyeolewa na raia anaweza kuomba kwa fomu N-400 baada ya miaka 3 badala ya 5, ikihesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na ile miaka ya kadi ya masharti inahesabika. Ila miaka hiyo 3 ina vifungo. Muwe mmeishi pamoja muda wote huo, na mumeo awe raia muda wote huo. Hapo ndipo wake za Wakenya wenzetu hukwama: mume aliapa mwaka jana, mke anahesabu miaka yake tu. Hesabu inaanza pia siku aliyoapa yeye. Sheria inaruhusu kutuma fomu siku 90 kabla ya muda wa ukaazi kutimia, lakini sharti la kuishi pamoja halina punguzo hilo. Kama mlianza kukaa nyumba moja siku uliyotua, ngoja miaka 3 itimie. Haraka ya wiki chache haifai kuhatarisha ada ya dola 710 kwa mtandao, au 760 kwa karatasi. Wenye kipato kidogo waulize kuhusu ada ya 380.

Uwe umekaa ndani ya Marekani angalau miezi 18 katika hiyo miaka 3, na miezi 3 ya mwisho katika jimbo au wilaya unakoombea. Safari inayopita miezi 6 inaleta maswali ya kama uliuacha ukaazi wako. Inayofika mwaka inaukata. Fomu itakuuliza kila safari, siku uliyotoka na siku uliyorudi. Nina kidaftari cha jalada jekundu, kinakaa pamoja na paspoti: tarehe, nchi, sababu. Mihuri ya paspoti hufifia, na nyingine haigongwi kabisa.

Ndoa za zamani, zako na zake, zote zitaulizwa. Talaka aliyoitamka mtu sebuleni mbele ya wazee haitoshi hapa. Cheti cha talaka cha Kadhi kinatakiwa, na kama mumeo aliwahi kuoa Mmarekani, hukumu ya mahakama iliyomaliza ndoa hiyo. Fomu pia inauliza kama umewahi kuwa na wenzi wawili kwa wakati mmoja. Kama mume ana mke mwingine Kenya na ndoa ile haijavunjwa, sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ya pili, na hili ni la wakili kabla ya fomu yoyote. Cheti cha Kiswahili kitafsiriwe chote, na mtafsiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Mtihani wenyewe watu huuogopa kuliko inavyostahili. Waliotuma fomu tangu 20 Oktoba 2025 wana orodha ya maswali 128. Ofisa huuliza hadi 20, na ukipata 12 umepita. Zamani yalikuwa maswali 100, unaulizwa 10, unapata 6. Utasoma sentensi moja ya Kiingereza na kuandika moja. Aliyesoma shule Kenya hilo halimsumbui. Kinachowaangusha watu ni kujibu swali la fomu ambalo hawakulielewa. Sema "please repeat" mara nyingi kadiri utakavyo. Wazee waliozidi miaka 50 wenye grini kadi ya miaka 20, au waliozidi 55 wenye ya miaka 15, wanaruhusiwa kufanya mtihani kwa lugha yao na mkalimani.

Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi na anayeishi nawe chini ya malezi yako, anakuwa raia siku ile ile unayoapa wewe. Mwombee paspoti.

Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake, Katiba ya 2010 inasema hivyo. Lakini sheria ya uraia ya 2011 inakutaka utangaze uraia wako wa pili ndani ya miezi 3, na asiyetangaza anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Fanya hivyo mara baada ya kiapo. Dada wa Kitanzania, kwako hesabu ni tofauti: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na ukiapa hapa umeupoteza wa kule. Ongea na ndugu zako kuhusu shamba, nyumba na urithi kabla ya kujaza N-400. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa raia. Kadi ya miaka 10 huhuishwa ikiisha.