Mbona Idi Yetu Haikai Mahali Pamoja?

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hisabu, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, yeye na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baada ya hayo. Katika baraza moja, baada ya sala ya laasiri, kijana mmoja katika vijana wetu aliuliza suala lililowanyamazisha wakubwa. Alisema: "Mashekhe zangu, huko kazini nafanyiwa dhihaka. Wenzangu Manasara wajua tangu mwaka haujaingia ya kuwa Krismasi ni tarehe 25 Disemba. Nami nikiulizwa Idi ni lini, hujibu: kesho au kesho kutwa, mpaka mwezi uandame. Nao hucheka, wakasema dini yetu haina hisabu. Niwajibu nini?"

Mzee mmoja akamkemea, akasema hili ni suala la ukosefu wa adabu. Sisi twaona kijana hakukosa. Mtu akiulizwa juu ya dini yake, asipopata jawabu kwa watu wake, atapewa jawabu na watu wengine. Basi somo letu la leo ni jawabu lake.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba mwaka wa jua ni siku 365 na karibu ya robo siku. Na mwezi tangu kuandama hata kuandama tena ni kama siku 29 na nusu. Kwa hiyo miezi 12 ni siku 354. Baina ya miaka miwili hii pana khitilafu ya siku kama 11. Na kulla watu wa dini, walipoifikia khitilafu hii, waliichukua njia moja katika njia tatu.

Njia ya kwanza ni kulifuata jua na kuuacha mwezi. Hii ndiyo njia ya Krismasi. Walakini hata hisabu hii haikutulia kama wadhanivyo wale wenye kucheka. Katika mwaka 1582 Papa Gregory XIII aliona ya kuwa tarehe zimeachana na jua, akaamrisha siku 10 ziondolewe. Watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Kanisa la Warusi lilibaki na hisabu ya kale, na kwa hivyo Krismasi yao leo yaangukia tarehe 7 Januari. Basi Manasara nao wana Krismasi mbili.

Katika njia hii wamo pia Maparsi, waliotoka Uajemi wakakaa Bara Hindi, na baadhi yao wakaja hata Unguja. Mwaka wa wengi wao ni siku 365 kamili pasipo robo, na kulla miaka 4 hurudi nyuma siku moja. Ndiyo maana mwaka mpya wao, ambao asili yake ni mwanzo wa majira ya mchipuko, sasa waingia mwezi wa Agosti. Wala tusicheke, kwani wazee wetu wa pwani walikuwa na hisabu kama hiyo: Nairuzi, na miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za kutimiza mwaka. Kwa miongo hiyo mkulima alijua waktu wa kupanda, na nahodha alijua waktu wa kufunga bahari. Siku ya Mwaka huko Makunduchi, ifanywayo mwezi wa Julai, ni mabaki ya hisabu hiyo.

Njia ya pili ni kuufuata mwezi, kisha kuurudisha kwenye jua. Mayahudi hufanya hivi. Pasaka yao ni tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, na sharti iwe katika majira ya mchipuko. Basi ili isihame, huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kulla miaka 19. Mabaniani nao huongeza mwezi kulla ikaribiapo miaka mitatu. Kwa sababu hiyo Diwali, ambayo ni usiku wa giza usio na mwezi, huenda mbele na kurudi nyuma baina ya Oktoba na Novemba, wala haitoki hapo. Wenye maduka katika miji yetu waijua siku hiyo, kwani wafanya biashara wa Kigujarati hufungua ndani yake madaftari mapya. Na Pasaka ya Manasara imo katika njia hii: ni Jumapili iliyo baada ya mwezi mpevu wa mchipuko, na huwa baina ya 22 Machi na 25 Aprili. Basi huyo mwenye kumcheka kijana wetu, naye mwambie akutajie Pasaka ya mwaka ujao pasina kutazama kalenda!

Njia ya tatu ni kuufuata mwezi peke yake, nayo ndiyo yetu. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakiakhirisha miezi. Ukiingia mwezi mtukufu, nao wataka vita, wakubwa wao husema: mwezi huu tumeusogeza. Mwenyezi Mungu akalikataza jambo hilo katika Sura ya Tawba, akatujulisha ya kuwa miezi kwake ni kumi na mbili. Na Mtume, sala na salamu zimshukie, akalitangaza katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra. Tangu hapo hapana sultani wala tajiri awezaye kuisogeza Ramadhani kwa maslaha yake.

Na tazama hikima iliyomo. Kwa kurudi siku 11 kulla mwaka, Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33. Mwaka 2030, inshallah, itaingia mara mbili, Januari na tena Disemba. Sisi wa pwani mchana wetu haubadiliki sana. Lakini London jua hukaa zaidi ya saa 16 mwezi wa Juni, na Disemba kama saa 8 tu. Na Cape Town ni kinyume chake. Lau saumu ingefungwa mwezi wa Juni daima, Waislamu wa London wangebeba uzito maisha yao yote, na wa Cape Town wangepumzika maisha yao yote. Kuhama huku ndiko uadilifu.

Mtu akisema: kuna faida gani Mwislamu kuzijua sikukuu za wengine? Twamjibu: Abu Raihan Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alitunga kitabu akakusanya ndani yake miezi na sikukuu za Waajemi, Mayahudi, Manasara na wengineo, kisha akaandika pia hisabu za Wahindi. Wala hakutoka katika Uislamu kwa kuyajua hayo. Na Mtume wetu alipowakuta Mayahudi wa Madina wamefunga siku ya Ashura, aliwauliza sababu kwanza. Kujua si kufuata, na kuuliza si kudharau.

Basi, ewe kijana, wajibu wenzako kwa upole: hisabu tunayo, na kuzaliwa kwa mwezi hujulikana miaka mingi kabla, lakini sisi tumeamrishwa kuungoja uonekane, na kungoja ni ibada.

Linalobaki ni aibu yetu wenyewe. Khitilafu ya mwandamo ni ya zamani, na maulamaa wamekhitilafiana kama nchi moja ikiuona mwezi zitalazimika nyingine. Hilo halina ubaya. Ubaya ni mtaa mmoja kuwa na Idi mbili, na ndugu wawili wasipeane mkono mfungo mosi, mmoja akimwita mwenziwe mpotevu. Wakitucheka kwa kungoja mwezi, wamekosa wao. Wakitucheka kwa kutukanana juu ya mwezi, tumekosa sisi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.