Kutafuta Mtoto kwa Yai la Mwanamke Mwingine

 

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Meru na Embu suala hili: Mke amepita miaka arubaini naye hajajaaliwa mtoto. Daktari wa Nairobi amewaeleza yeye na mumewe kwamba wakitumia yai lake matumaini ni machache, na wakitumia yai la mwanamke kijana matumaini ni mengi. Wao wako tayari hata kuuza shamba. Je, lipi lafaa?

Ndugu Waislamu, kabla ya hukumu yatupasa tulijue jambo lenyewe. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kiasi cha milioni moja hadi mbili, wala hayaongezeki. Afikapo kubaleghe hubaki kama laki tatu au nne. Apitapo miaka 35 upungufu huzidi kasi, na yaliyobaki hudhoofika, hata mimba zikawa zaharibika kwa wingi. Tumbo la uzazi halichakai upesi namna hiyo. Ndiyo sababu yai la kijana huweza kukua katika tumbo la aliyemzidi umri. Basi daktari hakusema uwongo. Lakini "yawezekana" si sawa na "yafaa".

Mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa nje ya tumbo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na hapa Kenya wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Maulamaa hawakunyamaza. Sheikh Jad al-Haq, Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1980. Kisha Majmaa ya Fiqhi ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ilikutana Amman, Oktoba 1986, ikazitazama njia saba. Tano ilizikataza. Mbili ilizijuzisha penye haja: manii ya mume kutiwa katika tumbo la mkewe, au manii ya mume na yai la mkewe kukutanishwa nje, kisha kurudishwa tumboni mwa mke huyo huyo. Yai la mwanamke wa nje limo katika zilizokatazwa, hata akiwa ni dada wa mke.

Na yai la mke mwenza je? Majmaa ya Makka iliwahi kulijuzisha jambo hilo mwaka 1984, kisha mwaka 1985 ikairejea hukumu yake na kuiondoa, kwa kuchelea nasaba kuchanganyika.

Atasema msemaji: Sura ya Al-Mujadila imemtaja mama kuwa ni yule aliyezaa, basi abebaye mimba ndiye mama. Twajibu: Aya hiyo iliwashukia waliowafananisha wake zao na mama zao, zama ambazo mwenye yai na mwenye tumbo ni mtu mmoja. Leo wamekuwa wawili, na maulamaa wamehitilafiana mama ni yupi. Mtoto asiyemjua mama yake atawajuaje ndugu zake asiowahalalikia kuwaoa? Na siku ya mirathi, Kadhi atamrithisha kwa nani? Baadhi ya maulamaa wa Kishia wameruhusu kwa masharti, kama ilivyotolewa fatwa Iran mwaka 1999. Lakini hata katika fatwa hiyo urithi umemfuata mwenye yai.

Kwa hiyo twasema: yai la mke mwenyewe ni halali, madhali ndoa ipo na mume yu hai, yai la mwingine halifai. Ama mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia hiyo hana kosa lolote, na ni haramu kumtukana au kumtenga.

Tena twawanasihi wenye suala. Kwanza, mume naye apimwe. Mara nyingi tatizo huwa kwake, na mke akalaumiwa bure. Pili, waulize wazi matumaini ya yai lake ni kiasi gani kwa umri wake, kisha ndipo wapime kama inafaa kuuza shamba liwalishalo. Vijana wasingoje hadi miaka arubaini ndipo waende kwa daktari. Tatu, wajiepushe na waganga na hirizi.

Nne, Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Ash-Shura kwamba humpa amtakaye wana, na amtakaye humjaalia tasa. Bibi Aisha (R.A.) hakuzaa, naye ni Mama wa Waumini, akaitwa Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake. Mkwe amsimangaye mke wa mwanawe na akumbuke hayo.

Tano, mlango wa kulea yatima uko wazi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala, ambayo mtoto hulelewa pasi na kubadilishwa nasaba yake. Na akiwa ni wa kiume naye hajatimiza miaka miwili, akanyonyeshwa na dada wa mke mara tano za kushiba, kwa madhehebu yetu ya Shafii huyo mke huwa khalati yake wa kunyonya, na uzito wa kukaa naye nyumbani huondoka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu, aliyemjibu Nabii Zakaria katika uzee wake, awape ndugu zetu kizazi chema, au moyo wa kuridhika. Wallahu aalam.