Mashahidi wa Carthage: Perpetua na Felisita

Huenda darasani kwenu yupo msichana anayeitwa Perpetua. Mtakatifu mwenye jina hilo aliuawa Carthage, katika Tunisia ya leo, tarehe 7 Machi 203, kwenye michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, na mtoto wake alikuwa bado ananyonya.

Ukiulizwa kwa nini alihukumiwa, usiandike "kwa sababu ya imani" ukaishia hapo. Hilarianus, aliyekaimu ugavana, alimtaka atoe sadaka kwa ajili ya ustawi wa Kaisari. Alikataa, akakiri kuwa ni Mkristo. Kwa Warumi, sadaka hiyo ilikuwa alama ya utii kwa dola.

Sehemu ngumu ya habari hii ni baba yake. Hakuwa Mkristo, na alimwendea mara kadhaa akimsihi azihurumie mvi zake na mtoto mchanga. Perpetua alimwonyesha chombo cha maji, akamwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina lingine. Basi naye hawezi kujiita kitu kingine ila Mkristo. Siku ya hukumu baba huyo alipigwa fimbo mbele yake, na Perpetua aliandika kwamba aliuonea uchungu uzee wake. Kwa hiyo, katika insha yako, usimchore kama mtu asiyeumia.

Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito wa miezi minane. Sheria ilikataza kumwua mjamzito, naye alihofia kuachwa nyuma na wenzake. Alijifungua gerezani mtoto wa kike, ambaye alilelewa na mwanamke Mkristo. Angalia kosa hili la mara kwa mara: kumwita mtumwa wa Perpetua. Maandishi hayasemi hivyo.

Je, Perpetua aliwezaje kusimulia kifo chake? Hakusimulia. Aliandika mwenyewe hadi siku moja kabla ya michezo. Mwandishi mwingine ndiye aliyemalizia. Swali la vyanzo vya historia ya Kanisa likija, mfano huu utakufaa sana.

Wakristo wa Afrika Kaskazini waliisoma habari hiyo kila mwaka siku ya kumbukumbu yao. Augustino aliwahubiria siku hiyo, ingawa aliandika pia kwamba kitabu hicho si sehemu ya Maandiko Matakatifu. Wakatoliki huwataja wote wawili katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza.