Daktari Kijana, Anza kwa Kuchora Ukoo

Ukitaka kuwa daktari mtafiti wa magonjwa ya kurithi ya damu kutoganda, usikimbilie mashine za kusoma vinasaba. Shika kwanza kalamu, uchore ukoo. Erik von Willebrand wa Helsinki alifanya hivyo. Mwaka 1924 aliletewa mtoto wa kike wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland, wa familia iliyokwisha kuzika watoto kwa kuvuja damu. Alifuatilia wanaukoo 66, akakuta 23 wana tatizo hilo, wake kwa waume. Hemofilia ilijulikana kuwaandama wanaume. Basi huu ulikuwa ugonjwa mwingine. Aliuandika mwaka 1926, na leo unaitwa kwa jina lake. Mtoto yule alifariki ana miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Kwa hiyo jifunze kuuliza. Mama ukimwuliza kama hedhi yake ni nzito, atakujibu ni ya kawaida, maana mama yake na dada zake nao wako vivyo hivyo. Uliza hivi: "Mama, usiku huwa unaamka kubadilisha pedi au kitambaa? Mabonge hutoka? Ulipong'olewa jino, damu ilikata lini?" Ulizia wavulana waliovuja siku kadhaa baada ya kutahiriwa, na shangazi aliyeongezewa damu alipojifungua. Mara nyingi bibi ndiye ajuaye yote. Mpe muda, wala usimhoji mbele ya wakwe.

Kisha omba kukaa maabara na mteknolojia mzoefu, kwani tafiti nyingi huharibikia kwenye sampuli. Chupa ya sitreti, kemikali ya kuzuia damu kuganda, ijae hadi alama: damu sehemu 9, sitreti sehemu 1. Damu ikipungua, sitreti huzidi, na mzima ataonekana damu yake inachelewa kuganda. Usiiweke kwenye friji kabla ya kutenganisha plazma. Baridi hushusha protini ya von Willebrand, ile inayopungua au kuharibika katika ugonjwa huo, ukampa mtu ugonjwa asio nao. Hofu na ujauzito huipandisha, hivyo rudia kipimo. Wenye kundi la damu O huwa nayo kidogo kuliko wengine, basi andika kundi la kila mmoja.

Majibu yakithibitika, yarudishe kwa familia, na hili lisiachwe hadi makala yako ichapishwe. Msichana apangiwe dawa kabla hajavunja ungo. Aandikiwe kadi ya kumwonyesha daktari wa meno na mkunga, na kaka yake apimwe kabla ya jando.