Faili Ikifutwa Kwenye Folda ya Pamoja Huenda Wapi?

Ofisi nyingi za umma sasa huweka kazi zao kwenye folda za pamoja: orodha za waombaji basari, rejista za leseni za biashara, kumbukumbu za vikao vya ushirikishaji wa umma, ratiba za kliniki. Folda hizo haziko ndani ya kompyuta iliyo mezani pako. Ziko kwenye seva, na kompyuta yako huzifikia kupitia mtandao wa ofisi. Kwenye skrini zinafanana kabisa na folda nyingine, na kufanana huko ndiko kunakowaponza watu. Wengi hudhani kwamba kilichofutwa huko kitapatikana kwenye pipa la taka la kompyuta. Mara nyingi hakipatikani.

Somo la toleo hili linaeleza kwa nini ni hivyo, na hatua za kuchukua faili inapotoweka. Limelenga watumishi wa kaunti, lakini litamfaa pia mwalimu mkuu, mweka hazina wa chama cha ushirika, au mwenye saiba ambaye kompyuta zake zimeunganishwa.

Kufuta ndani ya kompyuta yako

Unapofuta faili iliyo kwenye diski ya kompyuta yenye Windows, faili hiyo haiharibiwi. Huhamishiwa Recycle Bin, lile pipa linaloonekana kwenye skrini, ambalo lilianza na Windows 95. Kila diski ina folda fiche ya kazi hiyo, inayoitwa $Recycle.Bin. Faili yenyewe haisogei mahali ilipo kwenye diski; kinachobadilishwa ni anwani yake, kama karani wa masjala anavyoweza kubadilisha nambari ya rafu kwenye rejista bila kuliinua jalada. Ndiyo maana hata video kubwa huingia pipani mara moja, na hurudi mahali pake ukichagua Restore.

Kompyuta za Mac zina pipa kama hilo, Trash. Zile za Linux hufuata kanuni za pamoja za freedesktop.org: pipa la kila mtumiaji lina folda mbili, moja ya faili zilizofutwa na nyingine ya vijikaratasi vinavyoonyesha kila faili ilitoka wapi na ilifutwa tarehe gani.

Kufuta kwenye folda ya pamoja

Sasa chukua folda ya pamoja ambayo kwenye kompyuta yako inaonekana kama diski Z. Ukifuta faili humo, Windows haiipeleki pipani. Huiagiza seva iifute, na seva hutii. Ukifungua Recycle Bin yako, hutaiona. Hata afisa wa teknohama akifungua Recycle Bin ya seva yenyewe, hataikuta huko, kwa sababu pipa lile hupokea tu vitu vilivyofutwa na mtu aliyeketi mbele ya seva akitumia programu yake ya kupangia faili.

Sababu ni tatu. Kwanza, kuitia faili kwenye pipa la kompyuta yako kungemaanisha kuinakili yote kupitia mtandao. Kwa barua ya ukurasa mmoja hilo ni jambo dogo. Kwa folda ya picha yenye gigabaiti 20, ofisi nzima ingesimama ikisubiri. Pili, SMB, yaani lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kuzungumza na seva za faili, ina amri ya kufuta lakini haina amri ya kutia pipani. Pipa ni kazi ya programu iliyo mbele yako, wala seva haina habari nalo. Tatu, pipa la watu wengi huleta maswali: nani aruhusiwe kuchungulia ndani, nafasi inayotumika ihesabiwe kwa nani, na nani awe na ruhusa ya kulimwaga?

Kuna dalili moja ya kukuonya. Windows za siku hizi, zisipobadilishwa mipangilio, hazikuulizi lolote unapofuta faili ya kawaida iliyo kwenye diski yako. Lakini ukifuta kwenye folda ya pamoja, kijidirisha hutokea kikikuuliza kama una hakika unataka kuifuta faili hiyo kabisa. Neno la kutafuta kwenye swali hilo ni permanently. Ukiliona, ondoa mkono kwenye kipanya na usome upya jina la faili. Vitufe vya Ctrl na Z, ambavyo huweza kurudisha faili iliyoingia pipani, havitakusaidia baada ya kukubali.

Mac nazo huonya vivyo hivyo, kwamba kitu kitafutwa papo hapo na hakitarudi. Kwenye Linux hali hutofautiana. Baadhi ya programu hukuomba ukubali kufuta kabisa. Nyingine, ikiwa folda ya pamoja imeunganishwa kama diski ya kawaida, hutengeneza pipa fiche ndani ya folda hiyo hiyo, lenye jina kama .Trash-1000, ambapo 1000 ni nambari ya mtumiaji. Hapo faili imesalimika, lakini nafasi haijapatikana. Seva inaweza kuendelea kujaa huku kila mtu akiapa kwamba amefuta vitu vyake.

Mahali panapochanganya

Flashi diski hazina ulinzi kwenye Windows. Kwa kawaida ukifuta faili kwenye flashi, haipiti pipani.

Folda ya Documents inaweza kuwa kwenye seva bila wewe kujua, kwa sababu ofisi nyingine huielekeza huko. Windows huipa folda iliyoelekezwa hivyo pipa lake. Kwa hiyo mtumishi anaweza kurejesha faili kutoka Documents leo, akajenga imani, kisha kesho akapoteza faili ya diski Z akitarajia mambo yawe yale yale.

Folda zinazolandanishwa na wingu, kama vile OneDrive na Google Drive, ni jambo tofauti. Ukifuta faili ya pamoja humo, hutoweka kwenye kompyuta za wenzako pia, lakini huduma yenyewe ina pipa mtandaoni. Google Drive huhifadhi vitu kwenye pipa kwa siku 30. OneDrive ya kazini au shuleni huhifadhi kwa siku 93 ikiwa msimamizi hajabadilisha muda huo.

Nyavu zinazowekwa upande wa seva

Kwa kuwa kompyuta ya mezani haikulindi, ulinzi hauna budi kuwekwa kwenye seva. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Njia ya kwanza ni pipa la seva. Seva za Linux zinazotumia Samba zina sehemu inayoitwa recycle. Msimamizi akiiwasha, faili inayofutwa kupitia mtandao huhamishiwa folda ambayo kwa kawaida huitwa.recycle. Visanduku vya kuhifadhia faili vya Synology huita folda hiyo #recycle, na vya QNAP huiita @Recycle. Pipa hilo halifanyi kazi mpaka liwashwe, na msimamizi anaweza kulifunga ili yeye peke yake ndiye alifungue. Kumbuka pia kwamba kazi yake ni kuokoa kilichofutwa. Ukiifungua orodha ya mwaka jana, ukafuta majina, ukaandika mapya na kuhifadhi kwa jina lile lile, usilitegemee pipa hilo.

Njia ya pili ni picha za nyakati, ambazo kwenye seva za Windows huitwa Shadow Copies. Seva huweka kumbukumbu ya jinsi diski ilivyokuwa saa fulani. Ratiba inayokuja nayo ni saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na diski moja haiwezi kuwa na picha zaidi ya 64. Nafasi ikiisha, za zamani hufutwa kwanza. Hapa pana mwanya wa kuangaliwa: faili iliyoandikwa saa tatu asubuhi na kufutwa saa tano haimo kwenye picha yoyote ya ratiba hiyo.

Ikiwa huduma hii imewashwa, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Previous Versions. Utaona orodha ya tarehe. Chagua Open, tafuta faili yako, uinakili mahali pengine. Usikimbilie Restore kwenye folda nzima, kwa maana itarudisha matoleo ya zamani ya faili zote zilizomo, na kazi ambayo wenzako wameifanya tangu wakati huo itafunikwa.

Njia ya tatu ni nakala za akiba zilizo nje ya seva. Pipa na picha za nyakati huishi kwenye mashine ile ile. Seva ikiibwa au ikiungua, vyote huenda pamoja. Wataalamu husema tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu muhimu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe katika jengo lingine. Nakala hizo zijaribiwe kwa kurejeshwa mara kwa mara, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitika.

Faili ikitoweka, fanya hivi

1. Usidhani mara moja kwamba imefutwa. Mara nyingi folda huwa imeburutwa na kipanya ikaingia ndani ya folda jirani. Itafute kwa jina. Ikiwa ni wewe uliyeihamisha muda mfupi uliopita, jaribu Ctrl na Z. Kuhama kunaweza kutenguliwa hata kwenye mtandao.

2. Uliza wenzako kama kuna aliyeifungua, aliyeituma kwa barua pepe, au aliye na nakala.

3. Angalia Previous Versions, na folda ya pipa la seva ikiwa unaiona.

4. Mwarifu afisa wa teknohama upesi. Mpe jina la faili, folda ilimokuwa, saa uliyoiona mara ya mwisho na saa uliyogundua haipo. Kwa taarifa hizo nne atajua aanze na picha ya saa ngapi.

5. Usipakue programu za kufufua faili. Programu hizo huchunguza diski moja kwa moja, na kompyuta yako haina njia ya kuichunguza diski ya seva hivyo kupitia folda ya pamoja. Kazi hiyo hufanyiwa kwenye seva. Kila faili mpya inayowekwa huko inaweza kuandikwa juu ya ile iliyopotea, kwa hiyo wenzako wasimamishe kwanza kuhifadhi vitu vikubwa.

Na kabla hayajatokea, msimamizi wa kila idara aulize: nani hasa anahitaji kufuta? Kwenye Windows ruhusa iitwayo Modify inajumuisha kufuta. Anayehitaji kusoma tu apewe ruhusa ya kusoma. Rekodi za mwaka uliofungwa zihamishiwe folda ambayo watumishi wote wataisoma bila kuweza kuigusa.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwananchi

Chukulia mzazi ambaye mwanawe amekosa basari, naye anataka kujua maombi yalipimwa vipi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi lake ndani ya siku 21, na pia itunze rekodi zake katika hali ya kuaminika na kutumika. Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, inayohusu nyaraka za umma, hairuhusu rekodi za umma kuharibiwa bila idhini, na rekodi haikomi kuwa ya umma kwa kuwa imo kwenye kompyuta.

Jibu la kwamba faili ilifutwa kwa bahati mbaya halimsaidii mzazi huyo. Hawezi kuthibitisha kama ni bahati mbaya au ni makusudi, na mtumishi mwaminifu naye hawezi kujitetea. Seva yenye pipa, picha za nyakati na nakala za akiba huwalinda wote wawili.

Maswali ya kujipima

1. Umefuta faili kwenye diski Z na hukuikuta Recycle Bin. Je, imepotea moja kwa moja?

2. Faili iliandikwa saa nane mchana Jumanne na kufutwa saa kumi siku hiyo hiyo. Picha za nyakati za ratiba ya kawaida zitaiokoa?

3. Kwa nini ni heri kuchagua Open kuliko Restore?

Majibu: (1) Si lazima, inategemea ulinzi uliowekwa kwenye seva. (2) La, kwa kuwa picha ya mwisho ilichukuliwa saa sita, kabla faili haijakuwepo. (3) Kwa sababu Open hukuruhusu kuchukua faili moja bila kufunika kazi za wenzako.

Wiki hii, muulize afisa wa teknohama wa idara yako maswali haya: folda yetu ina pipa la seva? Picha huchukuliwa saa ngapi? Nakala za akiba zilijaribiwa lini mara ya mwisho? Andika majibu na uyabandike ukutani karibu na kompyuta, mahali kila mtu atakapoyaona.